Kutoka Waya hadi “2ko pa1”: Historia ya Kiswahili cha Simu katika Mipaka ya West Nile, Uganda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya maandishi mafupi ya simu na msamiati wa intaneti katika eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa kuzingatia Ombaci, mji wa Arua na mji wa mpakani wa Koboko. Hoja kuu ni kwamba ufupishaji unaoonekana kuwa mchezo wa vijana unategemea elimu ya kusoma iliyopatikana katika lugha nyingine: anayeandika m2 kwa maana ya mtu anamtaka msomaji wake ajue Kiingereza. Katika eneo ambako shule za Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu zinakutana, sharti hilo huzaa kutoelewana kwenye madhara ya kweli, hasa katika biashara, fedha na afya. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza namna ya kushughulikia jambo hili wakati Uganda inapojiandaa kukipa Kiswahili nafasi kamili ya lugha rasmi.

1.0 Utangulizi

Jina la Ombaci, mahali palipo kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Arua, linatufungulia mjadala huu vizuri. Katika tahajia ya Kilugbara, herufi c husomwa kama ch ya Kiswahili. Kwa hiyo jina hilo hutamkwa Ombachi, na ndivyo linavyoandikwa mara nyingi na wageni. Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam aliyezoea ujumbe mfupi wa simu, ambaye kwake c peke yake ni silabi si, anaweza kulitamka vingine. Mkongomani aliyesomea shule ya Kifaransa ng’ambo ya mpaka wa Vurra atalitamka Ombasi, kwa sababu kanuni ya Kifaransa inamwelekeza hivyo. Herufi ni ile ile, na kila msomaji ameileta sauti yake kutoka darasani kwake.

Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kuuliza kama lugha ya ujumbe mfupi inaharibu tahajia sanifu. Swali hilo lina nafasi yake, lakini kwa West Nile halitoshi. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: ufupisho huu unasomwa kwa elimu ipi, na nani anaachwa nje? Ili kulijibu, inabidi kwanza tueleze Kiswahili kilifikaje katika eneo hili na kiliandikwa na nani.

2.0 Kiswahili kabla ya simu ya mkononi

West Nile iliingia Uganda ikiwa imechelewa. Kuanzia mwaka 1894 sehemu kubwa ya eneo hili ilikuwa katika Lado, ardhi aliyokodishwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Baada ya kifo chake mwaka 1909, Lado ilirudishwa Sudan mwaka 1910, na sehemu ya kusini ikahamishiwa Uganda mwaka 1914, mwaka ambao Arua ilifanywa makao ya utawala. Kwa hiyo ndani ya miaka ishirini hivi wakazi walitawaliwa kutoka pande tatu, na mipaka iliyochorwa iliwagawa Walugbara na Wakakwa kati ya dola mbalimbali.

Kiswahili hakikuletwa hapa na mashairi wala madrasa za pwani. Kilikuja na jeshi, polisi, vibarua na wafanyabiashara. Wanubi, wazao wa askari waliobaki Ikwatoria baada ya Emin Pasha na kuchukuliwa na Lugard mwaka 1891, walikuwa na lugha yao ya Kinubi, yenye asili ya Kiarabu, lakini kambini walikizungumza Kiswahili pia. Vijana wa West Nile waliingia kwa wingi katika King’s African Rifles. Mmoja wao, Idi Amin, alijiunga mwaka 1946. Kiswahili chao kilikuwa cha amri na cha utani wa kambini, lugha ya mdomo zaidi kuliko ya kalamu.

Sera ya elimu haikukisaidia kupata kalamu. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza kipanuliwe katika elimu na utawala. Upinzani, hasa wa Buganda, ulikuwa mkali, na kufikia mwaka 1952 kilikuwa kimeondolewa katika orodha ya lugha za shule, isipokuwa kwa polisi. Uchunguzi wa matumizi ya lugha nchini Uganda uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulionyesha matokeo ya historia hiyo: takriban asilimia 35 ya watu waliweza kuzungumza Kiswahili, lakini wanaume walikuwa asilimia 52 na wanawake asilimia 18. Amri ya Amin ya mwaka 1973 ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, bila kukipa vitabu wala walimu wa kutosha, na ikakiachia kivuli cha utawala wake wa kijeshi.

Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, kisasi kiliwaangukia watu wa West Nile. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali waliwaua raia waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci. Maelfu kwa maelfu ya watu wa eneo hili walikimbilia Zaire na Sudan. Tukio hili linahusu moja kwa moja historia ya lugha: watoto waliokulia uhamishoni walirudi wakiwa na Kiswahili cha Kongo, Kibangala, au Kiarabu cha Juba, na baadhi yao walianza shule katika Kifaransa au Kiarabu. Waliporudi kuanzia katikati ya miaka ya 1980, walijenga biashara za mpakani juu ya lugha hizo. Vijana wauza mafuta ya magendo mjini Arua walijipachika jina la OPEC, wakilichukua kutoka kwa umoja wa nchi zinazouza petroli duniani. Hiyo ni misimu iliyobuniwa kwa kuzungusha kifupisho cha kimataifa, miaka mingi kabla ya mtu yeyote Arua kushika simu ya mkononi.

3.0 Waya, senti na herufi 160

Neno simu lenyewe lina historia ya ufupisho. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, na katika Kiswahili cha mwanzoni mwa karne ya 20 lilitaja waya wa telegrafu na pia ujumbe uliopita humo. Kupeleka simu kulikuwa kuandika maneno machache, kwa sababu kila neno lililipiwa. Karani aliyeandika “Baba mgonjwa njoo” alikuwa akifanya hesabu ile ile aliyokuja kuifanya mjukuu wake.

Ufupisho wa namna hii haukuanza na vijana, wala na Afrika. Kifupisho cha Kiingereza OMG kimo katika barua ambayo Admirali Fisher alimwandikia Winston Churchill mwaka 1917. Alama ya uso unaotabasamu kwa nukta mbili, kistari na mabano ilipendekezwa na Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon tarehe 19 Septemba 1982. Ujumbe mfupi wa kwanza wa simu ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992.

Uganda ilipata mtandao wa simu za mkononi wa Celtel mwaka 1995 na wa MTN mwaka 1998. Pamoja na simu ulikuja ukomo wa kiufundi: ujumbe mmoja hubeba herufi 160, ikiwa zote zimo katika orodha ya msingi ya herufi za Kilatini. Ukiandikwa kwa hati ya Kiarabu, ukomo hushuka hadi herufi 70. Kwa ujumbe mrefu, aliyejifunza kuandika madrasani aliweza kulipa zaidi ya mara mbili ya aliyejifunza shuleni. Ni sababu mojawapo ya kutojihukumu haraka tunapomwona Mnubi mzee akiandika Kinubi au Kiswahili chake kwa herufi za Kilatini: mashine ilikuwa imekwisha kuchagua hati.

Kiswahili nacho kilikuwa na tatizo lake. Kitenzi chake hubeba nafsi, wakati, yambwa na mnyambuliko katika neno moja refu. Hatukuwasikilizishana ni neno moja, na linachukua zaidi ya sehemu ya kumi ya ujumbe wote. Watumiaji walitafuta njia tatu za kupunguza. Ya kwanza ni kuacha irabu: vp kwa vipi, hv kwa hivi, km kwa kama. Ya pili ni kurudufu konsonanti: ww kwa wewe, mm kwa mimi, kk kwa kaka, dd kwa dada. Ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha makala haya, ni kutumia jina la herufi au la tarakimu badala ya silabi: cjui kwa sijui, m2 kwa mtu, wa2 kwa watu, pa1 kwa pamoja.

Watu wengine hawakuandika kabisa. Walipiga na kukata kabla simu haijapokelewa, ili mwenzao mwenye salio apige. Tanzania walisema kubipu, Kenya kuflashi, na Kongo walitumia kitenzi cha Kifaransa chenye asili hiyo hiyo ya mlio wa “bip”. Huo ndio ujumbe mfupi kuliko wote, usio na herufi hata moja, na ulieleweka pande zote za mpaka kwa sababu haukudai elimu ya shule yoyote.

4.0 Tarakimu moja, masomo manne

Tuchukue maneno mawili ya kawaida, 2ko pa1, yaani tuko pamoja. Tarakimu ya kwanza inasomwa kwa Kiingereza, na ya mwisho kwa Kiswahili. Msomaji akisoma zote mbili kwa Kiswahili atapata “mbiliko pamoja”. Akizisoma zote kwa Kiingereza atapotea mwishoni. Ndani ya alama sita anatakiwa kuvuka mpaka wa lugha mara mbili, na mwenye ujuzi huvuka bila kujua kwamba amevuka. Huo ni ustadi, na haistahili kuuita uvivu. Lakini ustadi huo una mlango, na ufunguo wa mlango huo ni Kiingereza.

Ukisimama Koboko, karibu na mahali Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini zinapokutana, ufunguo huo haumo mfukoni mwa kila mtu. Kwa aliyesoma Kifaransa, tarakimu 2 katika ujumbe wa simu ni silabi de, kama katika 2main kwa demain, yaani kesho. Herufi c ni c’est, yaani “ni”. Kwa aliyezoea kuandika Kiarabu kwa herufi za Kilatini, kama walivyo wengi waliosoma Khartoum, 2 huwakilisha hamza, na 3 huwakilisha ain. Kwa mkulima wa Ombaci aliyejifunza kusoma Kilugbara kanisani, 2 ni idadi tu, na c ni ch. Tarakimu moja ina masomo manne, na wasomaji wote wanne wanaweza kukutana katika soko moja.

Hatari kubwa zaidi imejificha katika sarufi. Nafsi ya kwanza ya Kiswahili hukanusha kwa kiambishi si-: situmi, sijatuma, sina. Katika ujumbe mfupi, ukanushi huo wote hubebwa na herufi moja: c2mi, cja2ma, cna. Katika soko la Arua, mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge kutoka upande wa Kongo aliwahi kumwonyesha mwandishi ujumbe wa mteja wake uliosomeka “pesa cja2ma, 2ongee kesho”. Alikuwa ameelewa pesa, ameelewa kesho, na katikati ameona c, ambayo kwake ilithibitisha: ndiyo pesa, imetumwa. Mzigo ulikuwa umekwisha kufungwa juu ya pikipiki. Alichotaka kujua ni kama aanze safari ya kurudi Ariwara au asubiri. Kiswahili chake cha mdomo kilikuwa fasaha kuliko cha mteja aliyemwandikia. Alichokosa ni Kiingereza cha kusomea Kiswahili.

Tofauti hizi huonekana pia katika hisia na adabu. Anayecheka upande wa Uganda huandika lol; upande wa Kongo huandika mdr, kifupisho cha usemi wa Kifaransa wa kufa kwa kicheko. Anayeomba huku huandika plz, kule stp. Salamu ya kule, slt au bjr, hufika huku kama konsonanti tupu. Kilugbara nacho hupoteza kitu: alama ya mkato inayoonyesha konsonanti ya pekee katika awa’difo, yaani asante, huachwa mara nyingi, na neno huwa awadifo. Mwenye lugha hatapotea, lakini mtoto anayejifunza kusoma kwa simu kabla ya kitabu atalijua neno hilo bila alama yake.

5.0 Istilahi: kamusi na barabara

Upande wa istilahi sanifu, Kiswahili hakikulala. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1967, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizalisha na kusanifisha msamiati wa kompyuta, na mwishoni mwa mwaka 2004 programu huria ya ofisi ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Tovuti, barua pepe, kupakua, kupakia na nywila ni matunda ya jitihada za namna hiyo. Kishikwambi ni mfano bora wa njia ambayo istilahi hufuata ili ipokelewe: neno lilipata umaarufu nchini Tanzania wakati makarani wa sensa ya mwaka 2022 walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa na vifaa hivyo mikononi. Watu walikiona kitu na kulisikia jina siku hiyo hiyo.

West Nile haikupata siku ya namna hiyo. Vifaa vilikuja na Kiingereza juu ya kioo, mafunzo yakatolewa kwa Kiingereza, na Kiswahili kikaachiwa mazungumzo. Matokeo yake ni kwamba mtu hutuma pesa, hununua salio na kuulizia mtandao kwa Kiswahili cha mdomo kisicho na shida, lakini akifika kwenye neno nywila hana njia ya kulijua. Hili si kosa lake, wala si kosa la waliounda neno. Istilahi iliyobaki kitabuni ni daraja ambalo upande mmoja haujafika ukingoni.

6.0 Gharama ilipokwisha, na iliporudi

Mtu angetarajia ufupisho ufe pamoja na ukomo wa herufi 160. WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009, iliuondoa ukomo huo, na gharama ya herufi moja zaidi ikawa karibu sawa na sifuri. Hata hivyo 2ko pa1 haikufa. Kilichoanza kama ubanifu wa fedha kilikuwa kimekuwa alama ya urika: anayeandika maneno kamili kwa rafiki huonekana amekasirika, au ni mwalimu.

Kisha gharama ikarudi kwa mlango mwingine. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Kodi hiyo ilifundisha nchi nzima kifupisho kipya, VPN, ambacho kabla ya hapo kilikuwa cha mafundi. Mwaka 2021 ilibadilishwa kwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Mwezi Januari wa mwaka huo huo, kabla ya uchaguzi wa tarehe 14, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na mawasiliano yakarudi kwenye sauti na ujumbe mfupi. Historia ya ufupisho, kwa hiyo, haiendi katika mstari mmoja kutoka uhaba hadi wingi. Uamuzi wa sera unaweza kuurudisha uhaba usiku mmoja, na siku hiyo walioachwa nje na m2 huachwa nje na kila kitu.

Afya inatoa onyo zito zaidi. Mwishoni mwa Juni 2019 mgonjwa wa Ebola alithibitishwa Ariwara, umbali mfupi kutoka mpaka wa Arua, wakati wa mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri. Katika hali kama hiyo, taarifa husambaa kwanza kwa ujumbe wa ndugu kwa ndugu na mfanyabiashara kwa mfanyabiashara, kabla ya tangazo rasmi kufika. Kati ya cjaumwa na naumwa kuna herufi moja inayobeba ukanushi. Hatuwezi kuwaagiza watu waandikie ndugu zao Kiswahili cha mtihani. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba ujumbe unaotoka ofisini hauongezi utata huo.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Mazingira ya kisera sasa ni mazuri kuliko wakati wowote tangu mwaka 1952. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliridhia kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Na mwezi Julai 2022 liliafiki Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sudan Kusini imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016, na Kongo tangu mwaka 2022. Majirani wote wawili wa Koboko wamo ndani ya nyumba moja.

Kwa kuzingatia historia iliyoelezwa, makala haya yanapendekeza mambo manne. Kwanza, taasisi zinazotuma ujumbe kwa umma katika maeneo ya mipakani, hasa za afya, misaada na fedha, ziandike Kiswahili bila vifupisho vya herufi na tarakimu, na zitumie umbo kamili la ukanushi hata kama ujumbe utagawanyika mara mbili. Pili, walimu wa Kiswahili wa Uganda wasipige marufuku ujumbe mfupi darasani, wautumie. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini 2 na 1 katika 2ko pa1 husomwa kwa lugha mbili amekwisha kuielewa silabi ya Kiswahili na tofauti ya jina la herufi na sauti yake. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ishirikiane na watumiaji wa mipakani katika kueneza istilahi za mtandao kwa sauti, kwa redio na kwa vifaa vyenyewe, kwa kuwa kamusi peke yake haitafika Koboko. Nne, vyuo vyetu vianze kuhifadhi, kwa ridhaa ya wenyewe na bila majina, maandishi ya simu ya maeneo haya. Barua za askari wa West Nile wa miaka ya 1940 zimetupotea kwa wingi. Ujumbe wa wajukuu wao unafutwa kila simu inapojaa.

Kiswahili kilifika West Nile kwa mdomo na kikakaa humo kwa karibu karne nzima kabla ya umma kuanza kukiandika. Kwa wengi, maandishi yao ya kwanza ya Kiswahili yalikuwa ujumbe wa simu, na waliyaandika kwa silabi walizozikopa katika shule za lugha nyingine kwa sababu shule ya Kiswahili haikuwapo. Tunapowafungulia shule hiyo sasa, tunapaswa kukumbuka kwamba wanafunzi wake si watu wasiojua kuandika Kiswahili. Wamekuwa wakikiandika tangu walipopata simu ya kwanza.